Kibali cha Kufukia Korongo

Kwa miaka saba nilifundisha darasa la tatu katika shule iliyo ng'ambo ya msitu wa serikali, upande wa Mpitimbi, na miaka yote saba nilikwenda kwa pikipiki yangu mwenyewe. Mwanzoni watu walinicheka, mwalimu wa kike na helmeti, sketi juu ya suruali. Baadaye wakazoea. Kuzunguka msitu kulikuwa mbali mno, kwa hiyo walimu, wauza mahindi na muuguzi wa zahanati, sote tulikatisha katikati. Ilikuwa ardhi ya umma. Kibao cha pale mwanzoni kilisema hivyo, na chini yake kwa rangi nyekundu: marufuku kukata, kuchimba au kuchoma bila kibali.

Sikuwa na ugomvi na kibao. Msitu ule ndio unaotunza chemchemi yetu. Ugomvi wangu ulianza na korongo.

Katikati ya njia kuna mteremko wa udongo mwekundu, na chini yake kijito chenye daraja la magogo. Mwaka mmoja mvua ziliuchana mteremko. Januari ulikuwa mfereji wa kuingiza mguu, lakini kufika Machi gurudumu la mbele liliweza kuzama lote. Kilichozidisha ni lori la mbao la mkandarasi mmoja, lililopita likiwa limeshehena huku matairi yakichimba. Yeye alikuwa na kibali. Kilimruhusu kuvuna na kupita, wala hakuna mstari uliomtaka aiache njia kama alivyoikuta.

Tukakaa kikao. Tukakubaliana kwamba Jumamosi kila nyumba itoe mtu na jembe, tufukie korongo kwa mawe na kubadilisha magogo yaliyooza. Mtendaji wa kijiji akakuna kichwa.

"Mimi sipingi," alisema. "Lakini bila kibali, atakayeulizwa ni mimi."

Barua nikaiandika mimi, nikaipeleka mjini Songea. Afisa aliyenipokea alikuwa kijana wa heshima.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba."

Akasoma barua mara mbili. "Mnataka kujenga barabara ndani ya hifadhi?"

"Hatujengi barabara, baba. Tunafukia shimo."

"Kufukia ni kuchimba, mwalimu. Udongo mtautoa wapi?"

"Uwanja wa shule. Nje ya msitu."

"Basi barua iseme hivyo. Na ije na muhtasari wa kikao, wenye muhuri."

Nikarudi na muhtasari. Akataka ramani. Nikaichora kwa rula ya darasani, nikaipeleka. Safari ya nne nikaambiwa jalada liko kwa mkubwa, na mkubwa yuko safarini. Nikauliza atarudi lini. Karani akaniangalia kana kwamba nimemtukana.

Mvua hazikusubiri jalada.

Ilikuwa Alhamisi asubuhi, manyunyu. Muuguzi alikuwa mbele yangu kwa pikipiki ya zahanati, boksi la chanjo limefungwa nyuma. Mimi niliujua mteremko ule: gia namba moja, miguu karibu na ardhi, ubane kushoto, usiguse breki ya mbele. Yeye pia aliujua. Lakini usiku ule maji yalikuwa yameubomoa huo ukingo wa kushoto. Nilisikia injini ikipiga kelele, kisha kimya.

Nilimkuta chini, pikipiki imemlalia mguu.

"Boksi, mwalimu!" alisema. "Angalia boksi lisifunguke!"

Boksi lilikuwa zima. Mguu ulikuwa umepinda mahali ambapo mguu haupindi. Wanawake wawili waliokuwa wakitafuta kuni walinisaidia kuinua pikipiki. Nikaazima panga la mmoja wao, nikakata fito mbili za kumfungia mguu kwa kanga. Nilizikata ndani ya hifadhi, bila kibali, na laiti angetokea mtu kuniuliza siku ile! Tulimbeba mpaka barabarani, akapata gari la kumfikisha hospitali. Boksi nililipeleka zahanati mwenyewe. Akina mama walikuwa wamejaa kwenye benchi, watoto mgongoni, na hapakuwa na wa kuwachanja. Wakarudi nyumbani.

Jumamosi hakuna aliyemwita mtu, lakini majembe yalikuja. Hata mtendaji alikuja na la kwake, akafukia pamoja nasi. Tulimwaga mawe na udongo mpaka jioni, korongo likafukika. Daraja hatukuligusa, kwa kuwa magogo mapya yangetaka kukata miti.

Wiki iliyofuata nikaitwa mjini. Mimi, kwa sababu mwandiko kwenye barua ulikuwa wangu.

"Mwalimu, mmevunja sheria," alisema yule kijana.

"Ndiyo, tumevunja. Na muuguzi wetu amevunjika. Njoo ukaone vyote viwili."

Sikuwahi kumpazia sauti mtu ofisini kwake. Siku ile nilimpazia, karani akasimamisha kazi. Kijana akachukua kofia yake. Nilimpakia kwenye pikipiki hadi msituni. Alishuka kwa miguu mpaka kwenye daraja, akakanyaga gogo, likabonyea. Alirudi uso umemshuka.

"Nilidhani ni njia ya watu wachache," alisema.

"Ndiyo, ni wachache. Hao nao huvunjika miguu."

Kibali kilitoka baada ya majuma matatu, kikituruhusu kufukia korongo tulilokwisha kulifukia na kuweka magogo mapya darajani. Nilitakiwa kusaini kwamba nimekipokea na kwamba kazi bado haijaanza. Huo ulikuwa uongo mtupu, na bila huo tusingepata daraja. Nikasaini. Kalamu ilikaribia kutoboa karatasi.

Daraja lipo, zuri, tunapita. Muuguzi alirudi kazini anachechemea. Hapandi pikipiki tena, anazunguka msitu mzima kwa lifti za magari, na siku gari lisipopita akina mama husubiri. Watu huniambia niyasahau, mambo yalikwisha vizuri. Mimi nimemwona akishuka ngazi za zahanati, mkono mmoja ukutani, na sioni ni wapi yalipokwisha vizuri.