Waya wa shaba kwenye flipa

Leo nimewasha flipa kuukuu niliyoinunua Dilala, mashine ya mchezo yenye kioo, kengele na mpira wa chuma unaopigwa kwa vibao viwili. Koili moja, ile inayoinua kibao, imeungua tena. Harufu ya vanishi yake imenirudisha utotoni, Kapata, kwenye klabu ya wafanyakazi wa mgodi.

Watoto tuliruhusiwa kucheza flipa ya klabu Jumapili tu, baada ya misa, kila mmoja mpira mmoja. Nilikuwa nimepanga foleni Jumapili tatu bila kufikiwa. Siku zamu yangu ilipofika, nilipanda juu ya kreti ya bia, na papo hapo fyuzi ikakatika.

"Tata, basi mi sitacheza?" nilimwuliza baba, fundi umeme wa kiwandani.

"Ngoja, mutoto wangu. Tunachimba shaba kila siku, tutakosa kawaya kamoja?"

Watu wakacheka. Akafunga waya mnene wa shaba mahali pa fyuzi, kama kila nyumba ya mtaa wetu ilivyofanya. Taa zikawaka.

Nilivuta springi. Mpira ukapanda, ukagonga kengele mara mbili, ukaanza kuteremka. Nilibonyeza kitufe. Kibao kiliinuka mara moja, kikanasa, na moshi ukatoka chini ya kioo, kwa sababu waya ule haukukatika kama ambavyo fyuzi ingekatika, koili ikaungua. Mpira ukapita katikati, polepole.

"Umeisha kucheza, shuka," alisema mlinzi wa klabu. "Mupira moja, mutoto moja."

Niliendelea kubonyeza mpaka baba aliponibandua vidole, kimoja kimoja.