Habari za Bibi Zilivyovuka Songwe

Bibi alipoanza kushindwa kula, alikuwa na ombi moja tu: amwone binti yake wa mwisho. Binti huyo, mama yangu mdogo, alikuwa ameolewa ng'ambo ya mto Songwe, upande wa Malawi, na mwanamume ambaye babu hakumtaka. Aliondoka kwa maneno makali. Babu alipofariki hakukuwa tena na mtu wa kumkasirikia, lakini mama mdogo alikuwa ameshahama Karonga, na hatukujua alikohamia.

Kwetu ni Talatala, upande wa Tanzania. Mama aliwauliza wajomba, akawauliza mashangazi, akawauliza majirani tuliosali nao. Wote walimjibu vilevile: "Si yuko Karonga?" Hata shangazi aliyeapa kwamba ana habari mpya, tulipomhoji vizuri, kumbe habari yenyewe alikuwa ameisikia kwa mama.

Ilikuwa miaka ile biashara ilipofunguliwa. Maduka ya Mbugani, ambayo utotoni mwangu niliyajua kwa rafu tupu, yalikuwa yamejaa sabuni, mafuta na nguo. Mama aliuza ndizi na mchele pale nje. Pembeni yake alikaa mwanamke mmoja Mwislamu aliyeuza vitenge kutoka Malawi. Hawakuwa marafiki. Walisalimiana, wakagawana kivuli cha turubai, jioni kila mtu akashika njia yake.

Siku moja yule mwanamke akamwambia, "Dada, leo hata wateja huwaiti."

Mama akamweleza yote. Mimi nilikuwa napanga ndizi, nikaona yule mwanamke anakunja kitenge taratibu, anafikiri.

"Huyo mdogo wako yukoje?"

"Ana mwanya mbele. Akiimba kanisani, watu wanageuka kumtazama."

"Kama anaimba, hajapotea. Kuna bwana wa Ngana, huku upande wetu, hunivushia mizigo kwa baiskeli. Ameoa ng'ambo. Nitamwambia."

"Ndaga fijo," mama akamshukuru, lakini njiani kurudi nyumbani aliniambia nisitegemee sana. Ndugu zetu wenyewe wameshindwa, atafanikiwa vipi mtu wa kusalimiana naye tu?

Haukupita muda mrefu. Alasiri moja mama na mimi tulikuwa uani tunaanika mpunga, tukasikia kilio kutoka barabarani. Mama akasimama. Kilio cha namna ile kwetu kina maana moja. Wakaingia wanawake wamejifunga vitenge viunoni, wamebeba mikungu ya ndizi na kuku, na mbele yao mama mdogo, amejishika kichwa.

"Nani amekufa?" mama akauliza.

Mama mdogo akamwangukia shingoni. "Dada, mama ametuacha!"

Bibi alikuwa amekaa mlangoni na kikombe cha uji. Akasema kwa sauti yake ndogo, "Nimekwenda wapi?"

Kilio kikakatika. Mama mdogo aligeuka, akamwona, akakaa chini palepale juu ya mpunga. Bibi alimwita kwa jina la utotoni. Ndipo akalia upya, kilio kingine kabisa, kichwa kikiwa mapajani mwa bibi.

Baadaye tuliunganisha jinsi ilivyokuwa. Mwenye vitenge alisema bibi hali chakula. Bwana wa baiskeli akawafikishia wakwe zake kwamba hali yake ni mbaya. Mkwe mmoja alikuwa mwanakwaya, akayapeleka maneno hayo kwenye mkutano wa kwaya mbali kusini, ambako walimfahamu mwanamke wa Tanzania mwenye mwanya. Yalipomfikia, mama yake alikuwa ameshakufa.

"Na ningesikia anaumwa tu, nisingekuja," mama mdogo alituambia usiku ule. "Ningeogopa macho yenu. Nilijua msibani hamtanifukuza. Nilisema nitazika, kisha niondoke."

Bibi akamkatiza. "Sasa utangoja sana."

Miaka mingi baadaye, chuoni, mwalimu wetu alichora ubaoni vidoti na mistari. Vidoti ni watu, mistari ni kufahamiana kwao. Alituonyesha kwamba watu wetu wa karibu wamefungamana kama kichaka, kila mmoja anawajua wenzake, kwa hiyo wanajua tunachokijua sisi. Mtu tunayemfahamu kidogo tu ndiye mara nyingi mwenye mstari unaofika kwenye kichaka kingine. Kwa njia hiyo, alisema, watu hupata kazi, habari, hata magonjwa. Nilinyoosha mkono.

"Na habari ikiharibika njiani, mwalimu?"

Akacheka. "Inafika hivyohivyo."

Baada ya siku ile ya mpunga, bibi aliishi hadi mavuno yaliyofuata. Mama mdogo alikwenda akarudi na watoto wake, na bibi akaanza kula kidogo kutoka mkononi mwake. Mwenye vitenge alipoambiwa kilichotokea aliona haya sana. "Mimi nilisema hali chakula!" alirudia, mpaka mama akamchukua nyumbani akamwone bibi mwenyewe. Kuanzia hapo akawa mtu wa kwetu.

Bibi alipofariki kweli, habari ilipita njia ileile. Safari hii ng'ambo hawakuiamini. Kesho yake akaja mwanamume na baiskeli, mgeni kwetu sote, akasimama uani akipapasa usukani.

"Mugonile," alisalimia. "Natoka Ngana. Nimetumwa nihakikishe."

Mama mdogo alimshika mkono akamwingiza ndani. Yule bwana akavua kofia, akamtazama bibi ambaye hakuwahi kuonana naye, akalia kama mtoto wa nyumba ile. Tulimpa chakula. Alikula haraka, akapanda baiskeli kuwahi mtoni, na kesho yake kwaya nzima ya yule mkwe wake ikafika, tukaisikia ikiimba tangu barabarani.