Mbwa wa Kondoo Ndani ya Chumba Kimoja

Mume wangu alivunjika mguu wakati wa mvua ndefu, tukiwa bado wageni katika ndoa, kwenye shamba moja la kondoo huko Molo. Yeye ndiye aliyekuwa mchungaji. Aliteleza kwenye gogo tulilovukia kijito, na aliporudishwa kutoka hospitali ya Nakuru, ndani ya lori lililotoka kushusha viazi mjini, mguu ulikuwa umefungwa plasta kutoka pajani hadi chini. Wanaume wa laini yetu, ile safu ya nyumba za vibarua, walimbeba wakamlaza kitandani. Akageuka, akautazama ukuta.

Sikumjua vizuri mtu yule. Ni ajabu kusema hivyo juu ya mume wako, lakini walioolewa na wachungaji miaka ile ya hamsini watanielewa. Aliondoka kabla ukungu haujainuka, akarudi jioni akiwa amelowa, akala, akalala. Nilijua anapenda uji wake uwe mzito na kwamba hapendi kelele. Zaidi ya hapo, nilikuwa nikiishi na koti lililoning'inia msumarini.

Sasa koti lilikuwa msumarini mchana kutwa na mwenyewe alikuwa kitandani, na bado hasemi. Nikimuuliza kama anaumwa, anasema kidogo. Nikimuuliza kama ana njaa, anasema baadaye. Nilianza kutafuta sababu za kwenda mtoni.

Ndipo mke wa mwenye shamba, ambaye sote tulimwita memsabu, akaja mlangoni kwetu akivuta mbwa kwa kamba. Alikuwa mbwa wa kondoo, mweusi, mwenye shingo nyeupe, ambaye mume wangu alifanya naye kazi kila siku. Kulikuwa na kichaa cha mbwa katika mashamba ya upande wa Njoro, na bwana mifugo alikuwa ameamuru mbwa wote wafungiwe ndani mpaka wadungwe sindano. Atakayeonekana nje apigwe risasi. Kwa sababu ya hali ya hatari iliyotangazwa na serikali, askari walikuwa wengi barabarani, na bunduki hazikukosekana. Memsabu alieleza kwamba wamemfungia mbwa katika stoo, naye ametafuna mlango na hatamu za farasi, na chakula hagusi. Aliomba tukae naye, mradi mlango wetu usiachwe wazi.

Nilitaka kukataa. Nyumba yetu ilikuwa chumba kimoja cha mabanzi, chenye kitanda, meko, kuku wangu waliolala ndani kwa sababu ya baridi, na magunia ya viazi. Lakini mbwa alikwisha kuingia. Alikwenda moja kwa moja kitandani, akaweka kidevu chake juu ya ile plasta. Mume wangu akageuka kutoka ukutani. Nikaipokea kamba.

Siku ya kwanza mbwa alilala. Siku ya pili alitafuna kiatu changu cha kanisani. Baada ya hapo akaanza kuzunguka: kutoka mlangoni hadi kwenye meko, kutoka kwenye meko hadi mlangoni, kucha zake zikikwaruza sakafu, huku akitoa sauti nyembamba ya mtoto mwenye homa. Nilimpa mfupa, akauacha. Nilimfunga kwenye mguu wa kitanda, akakivuta kitanda na mgonjwa juu yake. Nilisema kwamba nitamrudisha mbwa huyu asubuhi.

Mume wangu akasema, "Hana wazimu. Hana kazi."

Akanyoosha mkono kwenye gunia, akatoa kiazi, akakivingirisha sakafuni. Mbwa alisimama, masikio juu. Mume wangu akavingirisha cha pili kuelekea mlangoni, na cha tatu chini ya meza. Kisha akapiga mluzi mmoja mfupi. Mbwa aliinama, tumbo karibu liguse sakafu, akazunguka viazi vile kwa mbali kama anavyozunguka kondoo, akakisukuma kimoja kwa pua, akarudi nyuma ya kingine, hata vyote vikawa vimekusanyika chini ya kitanda. Akalala mbele ya viazi hivyo, ulimi nje, akimtazama bwana wake.

Nilicheka. Naye mume wangu akacheka, na hapo nikatambua kwamba sikuwahi kuisikia sauti ile.

Tangu hapo hatukukosa shughuli. Asubuhi, nilipomenya viazi, tulificha kipande cha ngozi ya kondoo chini ya mojawapo ya sufuria zangu, na mbwa alizinusa zote mpaka akakipata. Alijifunza kumletea mume wangu fimbo yake, kisha kofia, kisha kuni moja moja kutoka kwenye fungu lililokuwa pembeni. Kuni moja ilimchukua muda mrefu, na ndivyo tulivyotaka. Jioni, kuku walipokuwa wakisumbua kabla ya kulala, mume wangu alipiga mluzi, na mbwa akawakusanya polepole, bila kumgusa hata mmoja, mpaka wakaingia kwenye tenga lao wakinung'unika kama wazee wanaotolewa kikaoni. Kazi hiyo niliifanya mwenyewe kwa ufagio kila siku tangu niolewe.

Kulikuwa na mluzi wa kwenda kushoto, wa kwenda kulia, wa kusogea taratibu na wa kulala chini. Mume wangu alipochoka, mbwa alinitazama mimi. Basi nikajaribu. Mwanzoni ulitoka upepo mtupu. Mume wangu alinionyesha jinsi ya kukunja ulimi, na kwa siku kadhaa tulikaa pale, mtu na mkewe, tukipulizana hewa usoni, mbwa akitutazama kwa zamu bila kuelewa amri ni ipi.

Mchana, mvua ikipiga mabati, alizungumza na mbwa. Mimi nilikuwa mekoni, naye hakushusha sauti. Alimweleza mbwa habari za kondoo jike aliyezaa mapacha juu ya kilima, na mahali ambapo uzio umelegea. Siku moja akamwambia, "Mguu huu usipopona, wewe utabaki hapa. Sisi ndio tutakaoondoka. Sijui nitampeleka wapi mke wangu."

Kisu kilisimama mkononi mwangu. Nyumba ile ilikuwa ya shamba, na aliyekosa kazi alikosa nyumba. Sikuwahi kufikiri kwamba alikuwa akilitazama jambo hilo pale ukutani. Sikujua nimjibuje mtu ambaye hakunisemesha, kwa hiyo nami nilimwambia mbwa. Nilisema, "Mwambie bwana wako kwamba mke wake anaweza kutembea. Hata mbali."

 Kisha mume wangu akamwambia mbwa kwamba amesikia.

Mama mkwe alipopanda kutoka Njoro kuja kumwona mwanawe, alinikuta nikipiga mluzi, mbwa akiviswaga viazi sakafuni. Alisimama mlangoni na mwavuli wake. Kwetu mwanamke hapigi mluzi. Ni kama kuita mabaya nyumbani. Alikaa, akanywa chai, akamwuliza mwanawe habari za mguu, na alipokuwa akiaga ndipo akasema, bila kunitazama, kwamba hajafurahi na alichokiona.

"Mama," mume wangu akasema, "mimi ndiye niliyemfundisha. Kama kuna ubaya, ni wangu."

Mama mkwe alifunga kitambaa chake kichwani na kwenda zake. Mpaka siku ile hakuna aliyekuwa amewahi kusimama upande wangu mbele ya mtu mkubwa. Niliosha vikombe nikiwa nimewapa mgongo wote wawili, mtu na mbwa.

Mvua zilipopungua, bwana mifugo alipita akawadunga mbwa wa mashamba yote, na baada ya muda amri ikaondolewa. Plasta ilikuwa imetolewa, lakini mguu ulikuwa mwembamba na haukunjiki. Kondoo walitakiwa kuhamishwa kwenda malisho ya juu, na kijana aliyewekwa badala ya mume wangu hakusikilizwa na mbwa. Mwenye shamba alikuja kuuliza kama mume wangu anaweza kupanda kilima. Mume wangu akasema hawezi, ila mke wake anaweza, na mbwa anamjua. Mwenye shamba akasema tujaribu.

Nilipomfungua mbwa kule nje, alikimbia. Hakuwa amekimbia kwa majuma mengi, na alipita kondoo wote, akaruka mtaro, akawa kitu cheusi kidogo kwenye ukungu. Nilipiga mluzi, meno yakigongana kwa baridi, na hakurudi. Nilifikiri juu ya askari walio barabarani, kama wameambiwa kwamba amri imekwisha. Nilifikiri juu ya mtu aliyeketi kwenye kiti mlangoni kule chini, akisikiliza. Nikalowesha midomo, nikatulia, nikapiga ule wa kulala chini, mrefu, kama vile niko karibu na meko.

Kule juu, kile cheusi kilijilaza kwenye majani, kikabaki hapo.

Tuliwapandisha kondoo polepole. Walitawanyika mara mbili langoni, na mwanakondoo mmoja nilimbeba, lakini walifika. Kazi hiyo niliifanya mpaka nilipopata mtoto wa kwanza, na mume wangu akapewa kusimamia kibanda cha kukaushia maua ya pareto, kazi ya mtu anayekaa. Mguu haukukunjika tena maishani mwake.

Jioni ile ya kwanza mbwa alirudishwa kwenye nyumba kubwa ya memsabu. Niliporudi, chumba kilikuwa kikubwa na kimya, na mume wangu alikuwa amepika uji mwenyewe, ukiwa na mabonge. Alinipa bakuli. Akatazama sakafuni, pale mbwa alipozoea kulala, pakawa patupu.

"Niambie," akasema, "majani ya kule juu yakoje mwaka huu?"

Nikaketi, nikamweleza.