Bidoni ya Asali

Hadi leo nikisikia harufu ya asali, pua yangu huitafuta petroli ndani yake. Kosa si la nyuki, ni langu. Nilikuwa na miaka kumi mama alipofungua duka kando ya barabara iendayo Komanda, mwendo mfupi wa pikipiki kutoka Bunia: chumba kimoja cha udongo, mabati juu, na rafu za mbao mbichi za mkaratusi. Aliuza mazao ya kwetu tu, maharage, unga wa muhogo, mawese, samaki wa chumvi kutoka ziwani, samli na mikeka. Sabuni na biskuti alimwachia Mama Kavira, jirani aliyehamia kutoka Butembo, ambaye duka lake lilitazamana na letu. Ili aanze, mama aliuza mtamba wake, ng'ombe pekee aliyepewa na babu, na wajomba zangu wakanuna. Kwao, kuuza ng'ombe ili ununue maharage ni wazimu wa kuombewa kanisani. Walisema duka likifa asije zizini kuomba mwingine. "Chema chajiuza," mama aliwajibu, na nusu ya pili ya methali akawaachia wamalizie wenyewe.

Tegemeo lake kubwa lilikuwa asali. Ililetwa kwa baiskeli na Mzee Yosia, mrina asali wa msitu wa upande wa Komanda, mtu mpole mwenye kikohozi cha moshi. Siku moja kabla ya kufungua, bidoni yake, dumu la plastiki, ilivuja, mama akanituma nioshe nyingine ya kuhamishia asali. Kwetu bidoni ya manjano haina kazi moja: leo ina maji, kesho mawese, keshokutwa petroli ya wenye pikipiki. Ndiyo maana mama aliweka sheria ya kunusa kabla ya kutia kitu. Niliosha kwa sabuni na mchanga, lakini sikunusa, kwa sababu wenzangu walikuwa wakiningoja turuke kamba.

"Neema, umenusa?"

"Nimenusa, mama. Iko muzuri."

Kesho yake mchungaji aliomba, tukaimba, na Mama Kavira akawa mteja wa kwanza. Mama alimpimia asali, kisha akamwongezea kijiko kizima cha matabishi, ile nyongeza ambayo muuzaji asipoitoa huonekana hana adabu. Wengine wakafuata. Alfajiri iliyofuata Mama Kavira alivuka barabara na kikombe chini ya kitenge chake. "Mama Neema, hii asali iko na harufu ya esansi," alisema polepole, akimaanisha petroli. "Sijaambia mutu. Nakuambia weye tu." Angeweza kutumaliza siku ile, na hakufanya hivyo. Mama alionja, akafumba macho. Akaniuliza tena kama nilinusa, nami nikarudia uongo wangu. Aliniamini, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Alimwaga asali yote shimoni, akazunguka nyumba kwa nyumba kuirudisha iliyouzwa na kutoa maharage badala yake. Katika kila mlango alisema Mzee Yosia ndiye aliyemchezea. Mimi nilimfuata nyuma, nimejitwika maharage.

Wiki iliyofuata mzee alikuja na mzigo mpya. Mmoja wa wanawake waliokuwa dukani akaziba pua. Mama hata hakumsalimia. "Muzee, rudia na asali yako. Uliniletea esansi."

"Siye tunatoaka asali na moshi, mama," alijibu. "Esansi nitaitoa wapi? Hata pikipiki sina."

Wanawake walicheka. Yeye hakucheka. Alianza kuigeuza baiskeli taratibu, asali isimwagike, na mimi nikaona aibu iliyonichoma mpaka masikioni. "Mama," nikasema, "sikunusa."

Nilisubiri kibao, hakikuja. Mama alimketisha mzee kwenye kiti chetu pekee, akamwomba msamaha mbele ya wale wale waliocheka. Jioni tulizirudia nyumba zote, na safari hii msemaji nilikuwa mimi. Njia ya mwongo ni fupi, husema watu, lakini yangu siku hiyo ilikuwa na milango mingi. Tuliporudi mama akaniambia, "Kuanzia leo ni weye utanusaka bidoni zote." Ningependelea fimbo.

Duka halikufa. Mama alinunua mtamba mwingine, na wajomba walikuja kumtazama kana kwamba hawakuwahi kusema neno. Leo nina duka langu mjini Bunia. Mzee Yosia hayupo tena, mwanawe ndiye huniletea asali, nami naitia katika chupa zenye lebo, na wateja husoma badala ya kuonja. Ni safi zaidi, na siililii ya zamani. Mama magoti yake yamechoka, haji tena mjini, ila kila mzigo ukifika hupiga simu.

"Neema, umenusa?"

Huwa simjibu papo hapo. Naweka simu mezani, nafungua bidoni, nainamisha pua. Ndipo namjibu.