Daftari la Mizinga Lililofungwa Saa Tatu Asubuhi

Niliacha shule kidato cha pili kwa sababu nilikuwa nauliza maswali yasiyokuwamo kwenye mtihani. Tangu hapo nimeosha malori Shelui, nimeuza betri Singida mjini, na mwaka ule nilikuwa Itigi, kwenye kibanda karibu na stesheni, nikitengeneza simu na chochote kingine kilicholetwa, pasi za umeme zikiwemo.

Asubuhi moja aliingia mama mmoja, mfugaji nyuki, amebeba kichwani kompyuta ya ofisi ya chama chao, imeviringishwa kwenye kanga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hii imekufa, na mizinga yangu imo humo ndani."

Nikamwambia kompyuta yenye umri ule haihitaji fundi, inahitaji kuzikwa. Hakucheka. Mumewe alikuwa amefariki, na shemeji yake anadai mizinga yote thelathini na miwili iliyotundikwa porini ilikuwa ya marehemu, kwa hiyo sasa ni ya ukoo. Kule kila mfugaji huchonga chapa yake kwenye mzinga. Chapa ya mama huyu ilikuwa mguu wa kuku, aliyopewa na baba yake kabla hajaolewa. Daftari la chapa la karatasi lilikuwa limeliwa na mchwa. Lililobaki ni la kwenye kompyuta, na kikao cha kuamua kilikuwa saa nane mchana siku hiyohiyo.

Nilifungua lile boksi, nikatoa diski, nikaiunganisha kwa waya kwenye laptop yangu. Laptop ilikuwa inatumia Linux, si kwa sababu mimi ni msomi, ila Windows ilikataa kuishi kwenye mashine maskini kiasi kile. Ndani yake niliweka programu ndogo inayojifanya kompyuta ya zamani, ile ya kioo cheusi, isiyo na picha za kubofya: unaandika amri na kusubiri hukumu. Nikaandika DAFTARI. Likanijibu:

OFISI IMEFUNGWA. SAA ZA KAZI 02:00 HADI 09:00.

Nikajaribu tena. Imefungwa. Nikanakili mafaili upya, nikabadilisha mipangilio, nikatukana kwa sauti ya chini. Imefungwa. Ilikuwa yapata saa nne.

"Mama, karani wenu alikuwa mchawi? Anafungua ofisi saa nane usiku, saa tatu asubuhi amefunga!"

"Mchawi wewe. Karani alikuwa anafungua saa mbili asubuhi mpaka saa tisa alasiri. Ukichelewa dakika moja anakufungia dirisha usoni."

Hapo ndipo nilipoelewa. Karani aliingiza saa kama watu wanavyozitaja, mbili ni mbili na tisa ni tisa, kisha akairekebisha saa ya kompyuta yenyewe ikubaliane naye. Miaka yote mashine ile iliishi kwa saa za Itigi. Laptop yangu, kwa ujuaji wake, ilikuwa inachukua saa mtandaoni. Nikaizima tabia hiyo, nikaivuta nyuma saa sita. Daftari likafunguka.

"Sasa piga chapa karatasi," akasema mama.

Haikuwezekana. Programu ile ilikuwa inamtafuta printa mmoja tu duniani, naye alishakufa. Tukaenda kikaoni na laptop.

Shemeji mtu alikuwa amevaa koti la sherehe. Akainama, akakitazama kioo, akaruka kama amekanyaga moto.

"Mwenyekiti, mashine hii ya kihuni! Imeandika 08:10. Hata saa haijui, ndiyo ijue mizinga?"

Mwenyekiti, mzee mfupi asiyependa makelele, akatazama saa ya mkononi.

"Sasa hivi saa ngapi, bwana?"

"Saa nane na dakika kumi."

"Nayo imeandika ngapi?"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Shemeji akakaa.

Nikaandika MGUU WA KUKU. Likatokea jina la mama, lile la kwa baba yake, na chini yake: CHAPA AMEPEWA NA MZAZI. Mwenyekiti akasoma kwa sauti mara mbili, akauliza kama kuna mzinga hata mmoja kati ya ile thelathini na miwili usio na mguu wa kuku. Hakuna aliyeutaja.

"Basi mizinga ni ya mama. Tuendelee na mengine."

Nilitegemea mama apige vigelegele. Badala yake alimfuata shemeji yake mlangoni.

"Shemeji, magoti yangu hayapandi mti tena. Kesho jioni njoo na kamba, turine asali."

"Nirine mizinga uliyoninyang'anya?"

"Utapata debe lako. Na koti usivae."

Alinuna, lakini alikuja. Mimi nilikwenda kushangaa tu, nikaumwa na nyuki mdomoni. Yeye alikuwa juu ya mti, amezungukwa na moshi, analaani karani, kompyuta na mimi kwa zamu, huku mama amesimama chini na ndoo akimwambia, "Polepole, shemeji, masega yanavunjika."