Nusu mwaka na baby walker ya cc 660 kati ya Same na Myamba: mlionicheka, njooni tuongee

Wakuu wa jukwaa la magari, salamu kutoka Same. Upepo ni ule ule, joto ni lile lile, na mimi bado nipo barabarani.

Ninayoandika hapa yamenitokea mwenyewe. Asiyeamini apande Myamba akamuulize mama yangu. Atajibiwa, na makande atapewa.

Niseme mapema kabisa, sijaja kuomba ushauri. Ushauri nilipewa mwingi sana kabla sijanunua, na karibu wote ulikuwa wa kunikatisha tamaa. Nimekuja kuwapa majibu.

Model sitaitaja. Nikiitaja tu ligi inaanza, na kufika page ya pili watu wanatukaniana wazazi. Jueni ni kale kagari ka Kijapani ka cc 660, piston tatu, auto, tairi kama za toroli. Mnakaita baby walker. Kaiteni mnavyotaka.

Mimi ni mwalimu wa sekondari, na ni mwanamke, kwa wale ambao lazima waulize "ke au me" ndipo wachangie. Naishi Same mjini, shule yangu iko njia ya Hedaru. Kila siku ya kazi ni lami kwenda na kurudi.

Kwenye lami sina cha kulalamika. Lita moja inanipeleka kilometa ishirini na kitu nikiwa sina haraka. Kijana wa sheli kila siku ananiuliza "full?" na kabla hajaegemea pampu vizuri, pampu imeshakata. Anaona kama nimemdhulumu.

Mapungufu yapo, siwafichi. Ukipishana na semi trela, gari inatikisika na roho pia. Ukiwasha AC mchana wa Same, injini inapumua kama mtu aliyepanda ngazi na ndoo kichwani. Na wanafunzi wangu waliipa jina wiki ya kwanza tu. Jina lenyewe sitaliandika, wengine wapo humu.

Sasa nije kwenye sababu hasa ya kununua.

Mama yangu anakaa Myamba, juu milimani, kwenye nyumba aliyojenga na marehemu baba. Ana bustani ya tangawizi, ana kanisa lake, ana majirani zake. Ana presha na sukari pia, na kila mwezi anatakiwa ashuke Same kliniki.

Mwaka jana bodaboda ilimwangusha kwenye kona, akaumia goti. Tangu siku hiyo akasema bodaboda basi, na Noah za abiria hufika Same kliniki imeshafungwa. Akakosa kliniki mbili mfululizo.

Desemba tukakaa kikao cha familia. Kaka yangu mkubwa, Eliakimu, anaishi Dar na ana ile gari ndefu, ukikaa ndani unaona mabati ya watu. Akasema mama ahamie Dar kwake, mjadala umefungwa.

Nikasema haujafungwa. Mama akipelekwa Dar atakaa kwenye kochi anaangalia ukuta mpaka afe. Nitanunua gari, nitampeleka kliniki mimi.

Akauliza gari gani. Nikamwonyesha picha kwenye simu.

Wakuu, alicheka mpaka akaweka kikombe chini.

"Hicho ni kiatu, dada. Hicho kikipanda Myamba mimi nabadilisha jina."

Tukakubaliana mbele ya watu: mpaka likizo ya mwezi wa sita. Mama akikosa kliniki hata moja, anahamia Dar. Asipokosa, anabaki kwake. Nilipeana naye mkono kabisa. Sisi Wapare mnatusema kwa ubishi, na mimi siku ile sikuwaangusha.

(Naona kuna mkuu ameshaandika "muongo" hata sijamaliza. Tulia kwanza, chai haijachemka.)

Ratiba yangu ilikuwa hivi. Kliniki ni Jumatatu. Jumapili mchana napanda, nalala kwa mama, alfajiri tunashuka, kurudi yeye anapanda Noah. Mkuu wa shule anajua, Jumatatu hiyo vipindi vyangu navipeleka mchana.

Safari ya kwanza kupanda nilisali kuliko siku ya harusi yangu. Kutoka kijiji cha Kisiwani mpaka mlima unapoanza ni vumbi tu, unakwenda mdogo mdogo. Kazi iko kwenye kupanda. Dereva mmoja wa lori la tangawizi aliniona nimepaki chini ya mlima nimeduwaa, akaniambia zima AC, weka gia kwenye L, ile ya nguvu, usikanyage kwa hasira, na usisimame kwenye kona. Nikafanya hivyo. Haka kagari kakawa kanalia mlima mzima, lakini kakafika.

Na kushuka ni hiyo hiyo L. Ukiacha D ukawa unakanyaga breki njia nzima, utazisikia zinanuka kabla hujafika chini.

Januari tukafika kliniki. Februari tukafika.

Machi mvua zikaanza.

Ile Jumatatu ya Machi tulikuwa tunashuka mimi na mama, tope jipya. Kuna kona moja maji yalikuwa yamechimba pande zote mbili, katikati pamebaki nundu. Gari za juu zinapita tu, hazijui hata kama pana nundu. Ya kwangu ikakalia tumbo. Tairi za mbele zinazunguka bure, mama ameshika kadi ya kliniki kwa mikono miwili.

Nilitoka nikakaa pembeni nikalia, nisiwadanganye. Nilishaanza kuisikia sauti ya Eliakimu.

Wakatokea watu waliokuwa wanakwenda shambani, kama sita hivi, na mwenyekiti wa kitongoji, mzee Mrutu. Wakazunguka gari, wakaangaliana, wakacheka. Kisha wakainyanyua, wakuu. Kwa mikono. Mama akiwa ndani! Wakaihamisha pembeni kama wanahamisha meza.

Wenye gari ndefu, niambieni nani atawanyanyua ninyi.

Tukafika kliniki wamebaki wagonjwa watatu. Kadi ikagongwa muhuri.

Lakini kabla hatujaondoka pale kwenye kona, mzee Mrutu aliniambia kitu. "Mwalimu, Jumamosi ni msaragambo. Tunatengeneza hapa hapa."

Kwa wasio wa kwetu: msaragambo ni kazi ya pamoja. Kila kaya inatoa mtu na jembe au inatozwa faini, mnalima barabara, mnazibua mfereji, mnachimba msingi wa shule. Kaya yetu ilisamehewa tangu baba afariki, maana mama ni mzee na sisi watoto tuko mbali.

Nikamjibu, "Sawa mzee, nimesikia."

Hapa ndipo nilipokosea.

Jumamosi ile nilikuwa na mitihani ya kusahihisha. Mama, aliyebaki kwangu tangu kliniki, nikampandisha kwa Noah ya abiria, na juu ya gari nikaweka kreti tatu za soda. Nikampigia mzee Mrutu, nikamwambia mimi sitafika ila nimewaletea vinywaji, wapoze koo. Nilijiona nimefanya jambo la maana. Mtu wa mjini, mwenye shukrani.

Jioni mama akapiga simu. Sauti yake ilikuwa kavu.

"Njoo uchukue soda zako."

Kumbe hakuna aliyefungua hata chupa moja. Walifanya kazi kule juu upande wa shule, ile kona wakairuka, wakarudisha kreti zote kwenye baraza la mama na kuzipanga vizuri. Mama akasema kanisani kesho yake atakaa wapi. Akasema nimemlipia faini kwa watu ambao hawajamshtaki.

Niliumia. Kisha nikakasirika, kwa sababu ndivyo nilivyo. Nikasema kama hawataki shukrani yangu, waache, nitapita hivyo hivyo. Siku mbili nikabaki na kiburi changu. Siku ya tatu nikakumbuka kwamba kliniki ya Aprili inakuja, kona iko vile vile, na safari hii nikikwama sijui nani atainama.

Jumamosi iliyofuata nikapanda, gari nikaiacha chini ya ile kona. Nikamkuta mzee Mrutu anatoka nyumbani kwake, jembe begani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwalimu."

"Nimekuja kuomba radhi kwa zile soda."

Akashusha jembe. "Soda huletwa na mgeni," akasema. "Wewe hapa ni mgeni wa nani?"

Nikamuuliza msaragambo mwingine ni lini. Akasema leo, wameshaanza. Nikarudi kwa mama, akanipa jembe la baba.

Wakuu, nimeshika chaki miaka kumi na mbili. Kufika saa nne viganja vilikuwa vimetoka malengelenge. Kina mama wananicheka waziwazi, mmoja ananiambia, "Mwalimu, udongo hausahihishwi kwa kalamu nyekundu." Nikacheka nao. Nililima.

Kisha mzee Mrutu akaniambia nilete gari kwenye ile kona. Akalala chini kwenye udongo, mzee wa watu, akapima kwa kijiti kutoka ardhini mpaka tumboni mwa gari, akakikata. Halafu akatembea na kile kijiti barabara nzima mpaka kwenye mteremko wa mwisho wa kitongoji. Kila nundu iliyozidi kijiti ikakatwa. Kila shimo likajazwa mawe. Jumamosi mbili tulifanya hivyo.

Leo pale wanapita wenye baiskeli za tangawizi, bodaboda, wajawazito. Gari ndefu zimepita pale miaka yote na hakuna aliyepima chochote. Kuna mtu humu atasema ground clearance ndogo ya kigari, tumbo kuwa karibu na ardhi, ni udhaifu. Sawa. Ni udhaifu uliotengeneza barabara.

Aprili tukafika kliniki. Mei, na mvua zote zile, tukafika. Juni tukafika. Hiyo Juni tulikuta foleni haijaanza hata.

Nikawa nasubiri likizo kama mtoto anayesubiri Krismasi.

Eliakimu akaja. Tukakaa sebuleni kwa mama. Akaomba kadi ya kliniki, akaifungua, akahesabu mihuri kwa kidole. Sita. Akahesabu tena. Nikamuuliza nimwite jina gani sasa.

Hakucheka. Akasema, "Umejitahidi, dada, nakubali. Lakini hii ni bahati. Mwakani mvua zikizidi je? Siwezi kuweka maisha ya mama kwenye kiatu. Nimeshaandaa chumba, Jumamosi tunaondoka naye."

Damu ilinipanda. Nikasimama, nikamwambia tulipeana mkono, mashahidi wapo, mihuri ipo, nimelima barabara kwa mikono hii. Naye akasimama. Sauti zilifika kwa majirani, hilo nina uhakika.

Mama akanyoosha mkono. Akasema taratibu, "Eliakimu, hiyo kadi imeandikwa jina la nani?"

"Lako, mama."

"Basi nipe."

Akampa. Mama akaikunja akaiweka kifuani. Nikatabasamu, nikajua nimeshinda.

Akanigeukia mimi. "Na wewe kaa chini. Desemba mlipeana mikono ninyi wawili. Mimi nilikuwa nimekaa hapa hapa, hakuna aliyeniuliza."

Wakuu, nikakaa.

"Mimi nakaa kwangu," akasema. "Gari ikipanda, nakaa kwangu. Isipopanda, nakaa kwangu. Kliniki nitakwenda, mkinipeleka nitashukuru."

Eliakimu naye akakaa chini. Kisha akauliza kwa sauti ya chini kama Jumatatu ya Julai anaweza kuja yeye amshushe. Mama akasema aje, ila gari yake ni ndefu na goti haliwezi kupanda, kwa hiyo ataendesha ya dada yake.

Sasa nimejifunza nini.

Kuhusu gari: nanunua tena kesho, hii hii. Ukiambiwa kigari hakiwezi mlima, muulize anayekuambia ameshawahi kuupanda nacho, au ana maoni tu. Oil badilisha kwa wakati, upepo wa tairi kagua mwenyewe, mizigo usizidishe hata shangazi akinuna na mkungu wake wa ndizi.

Kuhusu barabara: mtu wa kwenu akikuita kazini, nenda na jembe.

Na la tatu linanichoma bado. Nusu mwaka mzima nilijiona napigania mama, kumbe na mimi nilimweka rehani kwenye ubishi wangu na kaka yangu. Nilikuwa sahihi kuhusu gari, na hilo sirudi nyuma hata mje mia. Kuhusu yeye nilikosa adabu, na nimemwomba msamaha.

Haya, uwanja ni wenu. Maswali ya spea, tairi na ulaji wa mafuta nitajibu. Wa "kanunue gari ya maana" nanyi njooni, niko likizo na nguvu ninazo. Ila suala la mama akae wapi msinishauri, wala msimshauri Eliakimu. Mwenye nyumba ameshasema.