Piza ya Dada na Mchanga Uliolowa

Dada yangu alirudi kwa bibi, hapa Morogoro, kujifungua mtoto wake wa kwanza. Kwetu ndivyo inavyofanyika. Alishuka kwenye basi la kutoka Dumila, alikoolewa, akiwa mwembamba kila mahali isipokuwa tumboni. Nesi wa kliniki alikuwa amemwambia uzito unashuka badala ya kupanda, na asipokula, mtoto atazaliwa hana nguvu.

Bibi akaingia jikoni. Akapika mtori, akapika ndizi za nazi, akakoroga uji wa ulezi. Dada alivitazama vyote kama mtu anayetazama mzigo wa jirani, akasukuma sahani.

"Unataka nini basi, mwanangu?" bibi aliuliza.

"Piza."

Bibi akanigeukia mimi. "Ndiyo mdudu gani huyo?"

Dada akaeleza kwamba ni mkate bapa wenye nyanya na jibini juu yake. Mumewe, shemeji yangu, alimnunulia hapa mjini siku walipokuja kutafuta nguo za harusi. Nikatumwa hotelini. Nilipofika nayo nyumbani Kilakala ilikuwa imepoa, jibini limekuwa kama kandambili. Dada alinusa tu. "Piza inaliwa ya moto," alisema, akajifunika kanga usoni.

Mimi si msemaji. Niliinuka nikaanza kuosha sufuria, na bibi akaelewa.

"Mume wangu anataka kupika!" akashangilia. Mimi ni mjukuu wake, ndiyo maana ananiita hivyo, hata mbele ya wageni, hadi natamani kujificha nyuma ya pipa.

Oveni hatuna. Tunaoka kama watu wanavyooka keki: sufuria kubwa jikoni, mchanga mkavu ndani yake, sufuria ndogo juu ya mchanga, halafu mfuniko, na makaa ya moto juu ya mfuniko. Mchanga unazuia chakula kisiungue. Hilo nililijua tangu utotoni. Ambalo sikulijua ni kwamba mkono una mazoea yake. Kila alfajiri mimi ndiye ninayekanda unga wa maandazi anayouza bibi. Siku ile mkono ulichota sukari, ukamimina tui la nazi, ukatwanga iliki, kichwa changu kikiwa bado kinawaza jibini.

Dada akauma. Akatafuna taratibu.

"Hili ni andazi," alisema. "Limevaa nyanya."

Bibi alilimaliza kwa chai ya rangi na kusema kwamba kama hiyo ndiyo piza, basi amekuwa akiiuza miaka yote bila kujua.

Mara ya pili niliacha iliki, nikaacha tui, sukari nikaweka kidogo tu ya kuiamsha hamira. Shemeji alikuwa ametuma nyanya kutoka Dumila, zimeiva hadi ngozi inapasuka. Nikazikata na kuzipanga mbichi. Nyanya zile zikatoa maji yote ziliyokuwa nayo, katikati ya piza kukawa bwawa.

"Sasa hii nile au ninywe?" dada aliuliza. Akala ukingo mmoja, akalala.

Jioni simu ikalia. Shemeji.

"Shemeji, amekula?"

"Kidogo."

"Kidogo kama cha nani?"

Nikafikiri. "Kama cha kuku."

"Basi nitatuma nyanya nyingine," alisema.

Zilipofika, nilizikaanga kwa vitunguu na chumvi hadi zikakauka, kijiko kikipita kinaacha njia. Unga niliuacha uumuke vizuri, nikausukuma mwembamba kuliko chapati. Makaa mengi nikayaweka juu, chini machache. Ilitoka nzuri sana. Hata bibi hakuwa na utani.

Dada aliuma mara moja, mara mbili. "Nzuri, mdogo wangu," alisema kwa huruma, na huruma ndiyo iliyoniuma. "Lakini laini mno. Ile ya mjini ilikuwa inalia mdomoni."

"Chakula kinachomlilia mlaji ni msiba," bibi alisema, ila hakucheka. Alikuwa anautazama mkono wa dada, jinsi bangili ilivyokuwa inateleza hadi kwenye kiwiko.

Kesho yake mvua ilishuka kutoka milimani, ile ya Uluguru isiyobisha hodi. Nikatoka nyuma ya nyumba na kukuta fungu letu la mchanga limekuwa tope. Unga ulikuwa umeshaumuka, hausubiri mtu. Nikaoka bila mchanga.

Haukupita muda harufu ya kuungua ikaja. Nikafunua. Juu pamependeza, chini pameshika sufuria kama saruji. Nikaitoa sehemu ya juu, nikaiweka sahanini, kisha nikachukua kijiko na kuanza kukwangua nilichoharibu. Kwaru, kwaru, kwaru.

"Nani anakwangua?" dada aliuliza kutoka chumbani.

Nyumba yetu inaujua mlio huo. Bibi akipika wali, anaupalia makaa juu na chini, na mimi na dada tulikua tukipigania ukoko. Nina alama ya meno yake begani hadi leo.

Akatokea mlangoni, peke yake, bila kushikiliwa.

"Ukoko huo?"

"Umeungua, dada."

"Sikuuliza kama umeungua. Nimeuliza kama ni ukoko."

Akaketi kwenye kibao cha mbuzi ya kukunia nazi, akanyang'anya kijiko, akaikunjia kanga sufuria na kuiegemeza kwenye tumbo. Akatia kipande mdomoni. Kikalia. Mimi na bibi tulikisikia tukiwa tumesimama.

"Ndiyo hii," alisema. Akatia kingine. "Na hiyo iliyo sahanini unamwekea nani?"

Nikampa. Bibi akainama ghafla kupuliza jiko ambalo halikuhitaji kupulizwa, akajipangusa macho na kuulaumu moshi.

Simu ikalia.

"Shemeji, amekula?"

Sahani ilikuwa tupu, na dada alikuwa amerudi kwenye sufuria, anakwangua kwa nguvu zote. Basi nikainama, nikaisogeza simu karibu na kijiko, asikie mwenyewe.